Kijiji cha Lugha Mbili



Kaskazini ya Ufaransa, karibu kabisa na mpaka wa Ubelgiji, kuna kijiji cha wakulima kinachoitwa Godewaersvelde. Watu wake ni kama 2,000. Wanalima ngano na viazi, wanafuga ng'ombe wa maziwa. Hapo kuna mlima, Mont des Cats, wenye meta 164. Kwetu Kivu tungeuita kichuguu! Watawa Watrapisti walianzisha monasteri yao juu yake mwaka 1826.

Habari za nchi ile nilizisikia kwanza katika seminari ndogo, kwa padri mmoja mzee, Mflamandi wa ng'ambo ya mpaka. Alituambia: «Watu wale ni ndugu zetu, lakini wajukuu wao hawatusikii tena.» Siku ile sikuelewa.

Zamani wakulima wale walisema Kiflamandi. Mfalme Louis XIV aliitwaa nchi yao kwa vita, na mkataba wa Nijmegen wa mwaka 1678 ukaiweka chini ya Ufaransa. Lakini lugha haikufa. Kwa miaka 200 waliendelea kulima, kuoana na kuungama kwa Kiflamandi. Kilichoishinda si upanga, ni haya. Sheria ya mwaka 1882 iliwalazimisha watoto wote kusoma, na shule ilikuwa ya Kifaransa. Mtoto aliyesema lugha ya nyumbani aliadhibiwa. Alipokuwa mzazi, hakutaka mwanawe aaibike kama yeye, akamfundisha Kifaransa tu. Basi bibi na mjukuu wakaketi meza moja, kila mmoja na sala yake.

Majina yamebaki. Steenvoorde, mji wa jirani, maana yake ni kivuko cha mawe. Katika nchi ile makaburi ya kale yana maandishi ya Kiflamandi, lakini wengi wanaopita hawawezi kuyasoma.

Sasa niwaambie kosa langu. Mimi mwenyewe nilisoma shule ambamo aliyesema Kimashi alivikwa kibao shingoni. Ningepaswa kukumbuka. Lakini mwaka jana, katika mafundisho ya wakatekumeni, mama mmoja mzee alijibu maswali yote kwa Kimashi. Nikamwambia: «Mama, hapa tunajibu kwa Kiswahili.» Akanyamaza. Jumapili mbili hakuja. Nilipomfuata nyumbani alisema: «Mwalimu, mimi namjua Nyamuzinda. Huyo wa Kiswahili bado sijamzoea.»

Nilirudi kwa miguu nikiona haya. Ndipo nilipoelewa maneno ya yule padri.

Sisemi kwamba Kifaransa ni kibaya, wala Kiswahili. Kiswahili kinatuunganisha, Mshi na Mrega na Mbembe. Lakini siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwaagiza watu wajifunze kwanza lugha ya Mitume. Kila mtu alisikia kwa lugha yake. Mwaka 2021 serikali ya Ufaransa iliweka Kiflamandi cha kule katika orodha ya lugha zinazoweza kufundishwa shuleni. Ni vema. Lakini ni kazi ngumu kuwasha tena moto uliokwisha kuwa majivu. Sisi makaa yetu yangali mekundu. Tusiyamwagie maji.

Yule mama alirudi. Usiku wa Pasaka alibatizwa. Alisali Baba Yetu kwa Kimashi, polepole, bila kukosa neno. Mimi nilijibu: Amina.