Giza Lililopewa Sauti



Wapendwa waamini, juma hili tumeona vema kutafakari jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi yenu, yaani albamu moja ya muziki. Si muziki wa kwaya, wala si dansi ya harusini. Ni muziki uitwao metali, tena ule ulio mkali kuliko wote: mwimbaji hupiga mayowe badala ya kuimba, na midundo hukimbia mfululizo kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi. Vijana wetu wa Kakesio waendao shule Karatu na Arusha, au waendao mijini kulinda mageti, hurudi nyumbani na simu, na ndani ya simu mna sauti zote za dunia. Baadhi ya kina baba na kina yeyo wametuuliza: je, makelele ya namna hii ni ya shetani? Swali hilo lina uzito. Si haki kulijibu kwa haraka.

Tuanze kwa kueleza jambo lenyewe. Mwezi Agosti 2020, wakati dunia imefungiwa majumbani na gonjwa la korona, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao ya kwanza. Waliirekodi Kampala mwaka 2019, chini ya kampuni ya muziki ya huko iitwayo Nyege Nyege Tapes. Karugu alipiga gitaa na kuunda midundo kwa kompyuta. Khanja alitoa sauti. Kundi lao waliliita Duma, na albamu ikabeba jina hilo hilo. Kwa msikilizaji wa Kakesio jina hilo ni la mnyama anayefahamika, yule mwenye mbio kuliko wote katika nyanda za Ndutu, ambaye kwa ajabu ya Muumba hawezi kunguruma kama simba bali hulia kwa sauti nyembamba kama ya ndege. Lakini vijana hao hawakumfikiria mnyama. Walilichukua neno kutoka Kikuyu, na maana yake ni giza.

Hapa tunajifunza jambo la kwanza: jina peke yake halitoshi kuhukumia. Kampuni hiyo inahusiana na tamasha la Nyege Nyege lililokuwa likifanyika Jinja, kwenye chanzo cha Nile. Katika Kiganda, jina hilo hueleza hamu ya ghafla ya kucheza ngoma. Katika Kiswahili ni neno ambalo mtu mwenye adabu hatalitamka mbele ya wakwe zake. Septemba 2018, Waziri wa Maadili wa Uganda, marehemu Simon Lokodo, ambaye aliwahi kuwa padre wa Kanisa Katoliki, alilipiga marufuku tamasha hilo zikiwa zimebaki siku chache tu, akidai ni mahali pa uasherati. Baada ya mabishano serikali iliruhusu lifanyike kwa masharti. Hatusemi kwamba waziri hakuwa na wajibu wa kulinda maadili. Tunasema tu kwamba wimbo lazima usikilizwe kabla ya kuhukumiwa.

Na tukisikiliza, tunasikia nini? Majina ya nyimbo katika albamu hiyo yamejaa mambo ya dini: wimbo mmoja unawataja malaika na vilindi, mwingine asili ya dhambi, mwingine pembe pamoja na ile hesabu ya mnyama iliyomo katika Kitabu cha Ufunuo. Mzazi akiyasoma hayo hushtuka, na ni halali ashtuke. Lakini tujiulize pia: mtu asiyesumbuliwa na habari za Mungu, dhambi na kuzimu, angeyataja kwa nini? Muziki huu tangu mwanzo wake umeishi kando ya maswali hayo. Ulichipuka Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza, ambako Black Sabbath walitoa albamu yao ya kwanza Februari 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, na Geezer Butler, aliyetunga sehemu kubwa ya maneno ya nyimbo zao, alilelewa katika familia ya Kikatoliki. Sauti ile nzito ilizaliwa na watu waliozungukwa na ngurumo za mashine na hofu ya vita, nao wakaigeuza hofu hiyo kuwa muziki.

Jambo la pili linatuhusu sisi wa huku kwa karibu zaidi. Mgeni anayefika Kakesio siku ya sherehe za morani husikia nini? Husikia olaranyani akiongoza kwa sauti ya juu, na wenzake wakimjibu kutoka kooni, kwa mkoromo na mngurumo, bila ngoma wala zeze. Huona vijana wakitetemeka, na pengine huogopa. Wenyeji hawaogopi, kwa sababu wanajua maana yake: ni nguvu, ni ushujaa, wakati mwingine ni uchungu usiopata maneno. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliwataka wachungaji wauheshimu muziki wa kila taifa kwa sababu umebeba roho ya watu. Basi sisi ambao sauti zetu wenyewe huwatisha wageni, tusiwe wepesi kumwita mwingine mwendawazimu kwa kuwa koo lake linakwaruza.

Jambo la tatu ndilo kiini cha tafakari hii. Wapendwa, kulia si dhambi. Kanisa limeitunza Zaburi ya 88, sala ya mtu anayelia usiku na mchana na asiyepata faraja, na ambayo huishia gizani bila hata neno moja la shukrani. Wazee wetu wa imani wangeweza kuiondoa, lakini waliiacha. Kwa nini? Kwa sababu anayelia mbele ya Mungu bado yuko mbele ya Mungu. Katika tarafa zetu yapo machozi mengi yasiyo na sauti. Tangu mwaka 2022 familia nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Wengine wamebaki, na kati ya walioondoka na waliobaki kuna maboma matupu na marafiki waliotengana. Kijana akiona hayo na hana mahali pa kuyasemea, atatafuta mayowe ya mtu mwingine yamsemee.

Hata hivyo hatuwezi kumaliza bila onyo. Jina la wimbo mmoja katika albamu hiyo linamtaka msikilizaji ajiue kabla wengine hawajamuua. Huenda mtunzi alikusudia fumbo juu ya dunia inayowasaga vijana. Lakini kijana aliyekata tamaa, peke yake usiku, hasomi mafumbo. Uhai si mali yetu, bali ni zawadi, na hakuna giza lenye haki ya kuudai. Hapo tunasimama, wala hatusogei.

Mzazi afanye nini basi? Asiivunje simu. Akae kando ya mwanawe, aombe kusikiliza naye, japo masikio yamuume, kisha amwulize: mwanangu, kitu gani katika sauti hii kinafanana na kilicho moyoni mwako? Na akisikia habari ya kutaka kufa, asimkemee wala asimwache peke yake, bali amfikishe siku hiyo hiyo kwa watu wa zahanati na kwetu parokiani.

Mwaka 2024 Khanja, akitumia jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu yake binafsi, akimkumbuka Muthoni wa Kirima, mama wa ukoo wake aliyepigana msituni katika vita vya Mau Mau na kufariki mwaka 2023. Kijana aliyeanza kwa kuliita giza kwa jina lake alifika kwenye kumheshimu bibi yake. Anayelia huenda yuko safarini. Tusimfungie mlango kabla hajafika.