Bamburi na Habari ya Mathenge

Mtu akitoka kisiwani Mombasa, akavuka daraja la Nyali na kuishika njia ya Malindi, hupita Kisauni akafika Bamburi. Palipochimbwa mawe ya saruji tangu miaka ya 1950, leo pana msitu wenye mabwawa, viboko na twiga, uitwao Haller Park. Ni mahali pazuri pa kutembelewa. Lakini mkulima apitaye hapo inampasa kujua na habari ya pili.

Machimbo hayo yalipoachwa yalikuwa mwamba mtupu, na maji yake yana chumvi. Mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kujaribu miti ya namna nyingi. Mingi ilikufa, lakini mvinje ulistawi. Majongoo wakala majani yake yaliyoanguka, nayo mavi yao yakawa mwanzo wa udongo.

Mwaka 1973 zililetwa machimboni mbegu za Prosopis, mti wa Marekani ya Kusini, kutoka Brazil na Hawaii. Hiyo ndiyo mara ya kwanza iliyoandikwa ya mti huo kuingia Kenya. Miaka ya 1980 ulipandwa Baringo na bonde la mto Tana, ili watu wapate kuni na udongo usipeperushwe na upepo. Huko ukaitwa mathenge.

Mbuzi waliyapenda maganda yake matamu, wakazitapanya mbegu kwa mavi yao, na mafuriko yakazichukua mbali zaidi. Malisho yakageuka vichaka vya miiba. Mwaka 2006 watu wa Ilchamus, huko Baringo, waliishtaki Serikali, wakampeleka mahakamani mbuzi asiye na meno awe ushahidi wa madhara ya maganda hayo. Mwaka 2008 mti huo ukatangazwa kwa sheria kuwa magugu mabaya.

Basi kabla ya kupanda mti mgeni, haitoshi kuuliza una faida gani. Tuulize pia: ni nani atakayezibeba mbegu zake? Tangu Likoni hata Changamwe tunao mwarobaini, ambao asili yake ni Bara Hindi. Ni dawa, na kivuli chake chajulikana. Lakini ndege na popo hula matunda yake na kuzidondosha mbegu, nao umekwisha kuingia katika misitu ya pwani na kuisonga miti ya asili.

Mche uotao pasipotakiwa ung'olewe wakati wa mvua, udongo ukiwa laini. Mathenge uliokomaa usikatwe juu juu, maana huchipua tena kwa nguvu. Fukua udongo, ukate shina chini ya ardhi. Maganda yasagwe sana kabla ya kupewa mifugo, kwani mbegu iliyosagwa haioti.

Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mti mgeni nao na upokewe vivyo hivyo, mradi mwenye shamba asiache kuuangalia.