Yanga, Korona na Shahada ya Historia

Mjukuu wangu, uliponiuliza juzi kama shahada ya sosholojia inastahili deni la Bodi ya Mikopo, nilinyamaza kwa kuwa harufu ilinifika puani kabla ya jibu. Ni harufu ya korona, mtambo wa kuchambua nyuzi za mkonge, kule Korogwe: majimaji ya kijani yaliyochacha, yanayowasha ngozi na kuganda kwenye nguo hata ukizifua mara tatu. Kaka yangu, babu yako wa Chanika ya Handeni, alinuka hivyo tangu 1966, alipoajiriwa kuwa msaidizi wa fundi katika shamba moja la mkonge. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao wanafunzi karibu 400 wa Chuo Kikuu walioandamana kupinga utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa, na mshahara wake mwenyewe akaukata asilimia 20. Baba alizisikia habari hizo kwenye redio ya dukani, akanigeukia: "Ukifika huko, usimsahau anayekulisha."

Nilifika huko 1971, kusoma historia. Ada sikulipa hata senti. Cha nyumbani kilichotumika ni majogoo wawili wa mama, shilingi sita kila mmoja, wakawa nauli yangu ya basi kupitia Sindeni hadi Korogwe, nimekalia gunia la mihogo mikavu, vumbi jekundu limejaa kopeni. Tangu 1964 Mwalimu alikuwa amekwisha kuwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake kingine. Wenzangu bwenini waliuchukua kuwa mfano tu. Mimi ni mtu wa Handeni, njaa naijua uso wake. Niliporudi na shahada yangu 1974, watu walikuwa wamejipanga foleni ya yanga, ule unga wa njano wa mahindi kutoka Marekani, ambao ugali wake ulinuka gunia. Mama alikuwa akiuchekecha, vumbi la njano limemkaa kwenye nyusi. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Hiyo historia inatibu nini, mwanangu?" Sikuwa na la kumjibu.

Lakini barua ya kupangiwa kazi ilikuwa imekwisha kunifikia. Nikawa mwalimu, mshahara shilingi elfu moja na ushee, na kaka na spana zake hakupata hata theluthi yake. Usidhani mambo yalibaki hivyo. Kamba za plastiki ziliangusha bei ya mkonge, shamba la kaka likafungwa, akakaa miezi minane hana kazi. Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia fundi halali njaa. Ila kaka alizifunga spana zake kwenye kitenge, akahamia Chanika kutengeneza mashine za kusaga. Miaka ya themanini, mshahara wangu ulipokuwa haufiki tarehe kumi, sabuni na sukari ya watoto wangu vilitoka kwake. Baba yako alikulia kwenye unga wa mashine zile.

Historia ilikuja kufaa miaka ya tisini, wazee wa kijiji chetu walipogombania mpaka na shamba moja kubwa. Nilishinda siku nne katika majalada ya Waingereza yaliyotafunwa na mchwa, nikaukuta mpaka umeandikwa kwa mbuyu, na mbuyu wenyewe upo hadi leo. Watu wakabaki na mashamba yao. Mama alikuwa amefariki miaka miwili kabla.

Kasome, sikukatazi. Ila barua ya kazi iliyonitangulia mimi, wewe hutaikuta. Na siku utakapopata ajira, Bodi itakata asilimia 15 ya mshahara wako mpaka deni liishe. Ndiyo maana nakuomba likizo ya kwanza usikae Dar es Salaam. Shuka Korogwe, panda gari la Handeni, ukakae na babu yako pale mashineni. Mikono yake inatetemeka siku hizi, na hana wa kumshikia tochi.