Mvua ya Eburu

Sisi wa pwani tumezoea mvua ya uvuguvugu. Masika yakitukuta njiani Mombasa twalowa, twacheka, na kabla ya kufika nyumbani buibui limeanza kukauka. Mvua ya Bonde la Ufa mwezi wa Agosti ni nyingine kabisa, na akina mama wanaokusudia kuwapeleka watoto bara wakati wa likizo ni vyema waijue mapema.

Tulikuwa wanawake sita wa ukoo mmoja pamoja na watoto watatu, tumefikia kwa jamaa zetu wa Nakuru. Tuliazimia kuupanda msitu wa Eburu, kaskazini-magharibi ya Ziwa Naivasha. Ni kipande cha misitu ya Mau, chenye hekta zipatazo 8,700, na tangu mwaka 2014 kimezungushiwa ua wa umeme ili kuzuia ukataji wa miti na kumlinda bongo, mnyama mwekundu wa jamii ya swala, mwenye mistari myeupe, ambaye amebaki mchache mno. Hatukumwona, wala hatukutarajia. Mlima wenyewe ni volkano, na kilele chake kinapita mita 2,800.

Tuliingia asubuhi tukiongozwa na kijana wa kijijini. Mitarakwa ilining'iniza ndevu za kijani, na ukungu ulipotanda mvua ilianza, nyembamba kama iliyochujwa, isiyo na radi wala haraka. Kwa muda wa saa moja tuliiona ni neema tupu.

Kisha mdogo wetu wa miaka minane akanyamaza, naye tangu Gilgil hakuwa amefunga kinywa. Miiba ilikuwa imelichana koti lake la mvua, na nguo ya pamba iliyokuwa ndani ilikuwa imelowa chapa. Pamba ikishalowa huunyang'anya mwili joto, na mtoto mwembamba hulipoteza upesi kuliko mtu mzima. Alitetemeka, vidole vikashindwa kufungua kifuniko cha chupa, kisha akasema ataka kulala. Hilo la usingizi ndilo lililotutia hofu.

Kijana alisema kilele hakijafika mwendo wa saa moja. Wawili wetu walitaka kundi ligawanyike, wenye nguvu waendelee. Mmoja wao alikuwa na safari ya kikazi ya Muscat mwezi uliofuata, na hakujua likizo nyingine ya namna ile ataipata lini. Bibi akakataa.

"Tumekuja jamaa, twarudi jamaa," alisema. "Mlima hauhami, wanangu."

Hakuna aliyemjibu. Tulitandaza leso mbili kuwa pazia, tukamvua mtoto zile nguo, tukamvika sweta kavu la sufu na kofia, tukamnywesha chai ya tangawizi yenye sukari nyingi, kisha tukamkumbatia kwa zamu. Alipoanza tena kuuliza maswali ndipo tulipoweza kushuka.

Kule chini kuna jambo la ajabu. Mvua yote ile, na bado kijiji hakina mto wa kutegemewa. Wenyeji huvuna maji ya mvuke unaofoka ardhini: huupitisha mabombani ukapoa, ukawa matone, yakadondoka tangini. Mama mmoja alitukaribisha karibu na mvuke huo, kwa umbali wa salama, maana huunguza, na mashavu ya mtoto yakarudi rangi. Pakazuka mjadala kama maji ya mvuke yafaa kwa udhu. Waliosoma miongoni mwetu walitofautiana, mpaka Bibi alipoukata kwa kuchota maji ya mvua yaliyokingwa chini ya bati. Tukasali adhuhuri na alasiri, tukikusanya na kupunguza kama wasafiri.

Chakula kilipoandaliwa mmoja wetu hakuwapo. Tulimwona kupitia dirishani, amesimama uani na mwavuli, ameuelekea mlima ambao ukungu ulikuwa umeufunika wote. Bibi akasema tumwekee sahani yake, asiitwe.