Nguo ya Ziwani Hupimwa Mwilini

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Koplo mmoja wa polisi, mwenyeji wa Minago, aliusikia usemi huo tangu utotoni, lakini hakuuelewa barabara mpaka siku ile alipokuwa mita 12 chini ya maji ya Ziwa Tanganyika, vidole vimekufa ganzi, akishindwa kufunga fundo ambalo mtoto wa mvuvi hulifunga huku amefumba macho.

Minago ni kijiji cha wavuvi, kando ya barabara ifuatayo ufuko kutoka Bujumbura kwenda Rumonge. Jioni mitumbwi hutoka na taa zake kutafuta ndagala na mukeke. Alfajiri hurejea, na akina mama huwa tayari wakingoja na mabeseni yao. Lakini si kila usiku humrudisha kila aliyeondoka. Miaka michache iliyopita dhoruba ilipindua mtumbwi, na kijana wa jirani hakuonekana tena. Wazee walikaa ufukoni siku tatu wakiyatazama maji. Koplo alikaa nao. Hapo ndipo alipoazimia moyoni kwamba, nafasi ya kujifunza kuzamia ikitokea, hataiacha impite.

Nafasi ilitokea. Mitungi ya hewa, miwani na mapezi ya miguuni vilikuwa vya darasa zima. Suti ya kuzamia, ile nguo ya mpira iubanayo mwili, kila mwanafunzi alijitafutia mwenyewe. Koplo hakuona shida. Kwani ziwa hili lina baridi gani? Maji yake ya juu huwa kati ya nyuzi 24 na 28, na hata vilindini hayapungui sana chini ya nyuzi 23. Akaazima suti ya rafiki yake, mtu wa kifua kipana na tumbo la kutosha, akaenda zake.

Maji ya vuguvugu ni mdanganyifu mkubwa. Mtu akioga ufukoni kwa dakika kumi hufurahi. Lakini mwili wa binadamu una joto la nyuzi 37, na maji huuondoa joto upesi kuliko hewa, kiasi cha mara 25. Mzamiaji akikaa chini dakika arobaini, joto humtoka kidogo kidogo, kama fedha zitokazo katika mfuko uliotoboka. Kwanza huhisi ubaridi mgongoni, kisha vidole huwa vizito, na mwisho akili yenyewe hupunguza mwendo. Siku ile ya zoezi mwenzake ndiye aliyelifunga lile fundo. Koplo alipanda juu akitetemeka, ameona haya, na zaidi ya haya, ameogopa. Kama pale chini pangekuwa na mtu wa kutafutwa, yeye angefaa nini?

Mwalimu wao, aliyejifunza kazi hiyo baharini Zanzibar, hakumkemea. Alimweleza jinsi suti inavyofanya kazi. Mnamo mwaka 1952 mwanafizikia Mmarekani, Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California, alitambua kwamba mzamiaji hana haja ya kubaki mkavu ili asipate baridi. Mpira wa neoprini umejaa vipovu vidogo vya gesi, na vipovu hivyo ndivyo vizuiavyo joto lisitoroke. Maji machache huingia kati ya suti na ngozi, mwili huyapasha moto, nayo hukaa hapo. Lakini sharti yakae. Suti ikipwaya, kila mzamiaji anapojipinda maji yaliyopata moto hutoka na mapya ya baridi huingia. Hapo mtu ni kama anayechota maji kwa pakacha.

Basi Koplo akaanza kutafuta suti yake mwenyewe. Mfanyabiashara mmoja mjini alikuwa nazo mbili, zote zimekwisha kutumika. Ya kwanza ilikuwa nene, milimita 5, yenye michirizi myekundu mabegani, nayo ilimvutia mno. Ya pili ilikuwa ya milimita 3, nyeusi tupu, isiyo na pambo. Bei zilitofautiana kidogo, lakini yoyote ingemeza fedha zilizowekwa kwa ajili ya mabati ya nyumba. Akaomba azichukue zote mbili nyumbani azijaribu, akaacha rehani.

Mke wake ni fundi wa cherehani. Alizigeuza suti hizo ndani nje, akaivuta mishono, akaitazama zipu, akabonyeza mpira magotini kuona kama umekwisha kuwa mwembamba. Kisha akasema, "Baba watoto, vaa hii ya michirizi."

Akaivaa. Mke wake akapitisha kiganja chini ya kwapa, akapitisha kingine mgongoni juu ya kiuno, akatikisa kichwa.

"Hapa pana mfuko, na hapa pana mwingine. Maji yatakaa humu yakichezacheza. Na shingoni inakukaba. Vuta pumzi."

"Inabana kidogo tu, mama watoto. Si nguo ya mpira?"

"Kubana ni mwili mzima, si shingo peke yake. Mteja wangu akiniletea gauni la namna hii, simruhusu atoke nalo."

Hakuwahi kuzamia maishani mwake, lakini alisema yaleyale aliyoyasema mwalimu. Ukosi ukibana mno huikandamiza mishipa ya shingo, na mtu aweza kupata kizunguzungu majini. Suti njema hukaa kama ngozi ya pili: haiachi nafasi kwapani, kiunoni wala nyuma ya magoti, nayo humruhusu mvaaji kuchuchumaa, kuinua mikono na kujaza kifua pumzi bila taabu. Ile nyeusi ilitimiza hayo yote.

Unene nao una hesabu yake. Kwa maji kama ya Tanganyika, milimita 3 huwatosha wazamiaji wengi. Nene zaidi humfaa mtu mwepesi wa kuona baridi, au akaaye chini muda mrefu. Lakini mpira mnene huelea zaidi, hivyo hudai mkanda mzito zaidi wa risasi kiunoni. Si risasi za bunduki, bali yale madini mazito. Tena, akishuka mita 10 vipovu husinyaa na kubaki karibu nusu, suti ikapoteza sehemu ya joto lake na sehemu ya kuelea kwake. Aliyejifungia risasi kupita kiasi huvutwa chini. Na kwa kuwa maji ya ziwa si ya chumvi, mzamiaji hapa huhitaji risasi pungufu kuliko baharini.

Suti yenye mikono na miguu mirefu ndiyo ifaayo ufuko huu wenye majabali. Katika mawe hayo huishi samaki wadogo wa rangi ambao Mbelgiji Pierre Brichard aliwatangaza kwa kitabu chake cha mwaka 1978, hata mmoja wao akapewa jina lake. Majabali hayohayo huchuna ngozi bila huruma.

Hata hivyo mwalimu aliwaonya wanafunzi wasiipe suti sifa isizo nazo. Haizuii kichocho, kwa sababu maji huingia. Haimtishi mamba wala kiboko. Wala haibadilishi hesabu ya kupanda juu: ziwa hili liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya baharini hayatumiki hapa bila kurekebishwa.

Mabati yalingoja. Mke wake ndiye aliyeamua hivyo, akisema paa linalovuja huwekewa ndoo. Ndiye pia aliyeweka kanuni za nyumbani: suti isuuzwe maji safi, ianikwe kivulini ndani nje, itundikwe kwenye kiango kinene wala si juu ya waya, wala isikunjwe na kuwekewa vitu vizito juu yake.

Zoezi liliporudiwa, Koplo alikaa chini dakika arobaini na tano. Alilipapasa lile gogo walilolizamisha, akaizungusha kamba, akafunga fundo, akalivuta mara mbili kulihakikisha. Vidole vyake vilikuwa na joto. Ufukoni, kati ya watazamaji, alikuwapo baba wa yule kijana ambaye hakuonekana. Mzee huyo hakusema neno. Alisogea, akaishika kamba pamoja na wengine, wakaanza kuvuta.