Tarumbeta la Malaika huko Omate

Tulifika Omate, upande wa Masisi na Walikale, jua likizama. Mara tulipoingia uani kwa mwenyeji wetu, tulisikia harufu tamu ya ajabu. Kando ya nyumba kilisimama kichaka kirefu kuliko mtu, kimejaa maua meupe, kila moja kadiri ya shibiri.

"Jina lake silijui," alisema mzee. "Nilipewa kijiti, nikakichomeka, kikaota."

Kwanza tulidhani ni mnanaha. Lakini ua la mnanaha hutazama juu, na tunda lake lina miiba. Haya yalining'inia kama kengele, na shina lilikuwa gumu kama la mti. Basi tukautambua: Brugmansia, mmea wa Amerika ya Kusini. Hata mtaalamu Linnaeus, mwaka 1753, aliuhesabu pamoja na mnanaha. Persoon ndiye aliyeutenga mwaka 1805. Wazungu huuita tarumbeta la malaika.

Tungali tukisema, mjukuu wa mzee aliokota ua, akalitia kinywani alipulize. Tulimnyang'anya upesi! Mmea huu ni jamaa ya nyanya na viazi, lakini wote ni sumu, tangu mizizi hata mbegu: huleta wazimu, hupiga moyo mbio, hata kuua.

Asubuhi tulikuta mzee ameukata, akianika vijiti juani visipate kuota tena. Harufu ile tuliikumbuka njiani. Lakini wajukuu walikuwa wakicheza uani salama.

Ndugu wasomaji, ulizeni kwanza jina la mmea, ndipo mpande.