Hati Iliyopitwa na Siku

Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla sijatamka neno jingine darasani, ni kuandika tarehe ubaoni. Nimefanya hivyo tangu nilipotoka katika chuo cha ualimu, na miaka imepita kumi na zaidi. Mwanafunzi akisahau kuandika tarehe juu ya kazi yake, mimi humrudishia daftari, nikamwambia kwamba kazi isiyo na tarehe ni kama mtoto asiye na jina. Basi mna haki ya kucheka, vijana wasomaji, nitakapowasimulia kwamba katika nyumba yangu mwenyewe tarehe moja ilifika, ikapita, ikaenda zake siku 74, nami nimenyamaza kimya.

Mimi ni mzaliwa wa Eldoret, mji wa nyanda za juu ulio karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambao wenyeji wengi huuita Sisibo kwa sababu ulianza penye shamba nambari 64. Mume wangu ni mtu wa Tanzania, mzaliwa wa miteremko ya Kilimanjaro, na kazi aliyojifunza ni useremala. Tulioana mwaka 2016. Kwa kuwa mimi nilikuwa na ajira ya ualimu, na kwa kuwa mama yangu alikuwa mgonjwa wa kuuguzwa, tulikubaliana kwamba yeye ndiye atakayehama. Aliweka randa na misumeno yake katika sanduku, akaja kukaa ukweni.

Mtanzania huingia Kenya bila viza. Hugongewa muhuri mpakani, akapewa muda wa kutembea. Lakini muhuri wa matembezi si ruhusa ya kukaa miaka na miaka. Mgeni aliyeoa au kuolewa na mwananchi wa Kenya, akitaka kukaa, huombewa hati ya mtegemezi. Hati hiyo hutolewa kwa muda uliotajwa, na muda ukikaribia kwisha hapana budi kuomba tena. Aombaye ni mgeni, lakini amdhaminiye ni mwananchi. Kwa hiyo ilikuwa juu yangu kuandika kwamba mtu huyu ni mume wangu, na kwamba nitamtunza.

Neno hilo, mtegemezi, lilimchoma mume wangu kuliko baridi ya Julai. Kwao mwanamume ndiye ajengaye nyumba na kuwapokea wageni. Hapa yeye alikuwa mgeni mwenye kupokewa, na hati yake ilimruhusu kukaa, haikumruhusu kuajiriwa. Kwa kazi ya mshahara kilitakiwa kibali kingine. Alilima bustani, akawapeleka watoto shule, akamuuguza mama yangu hata akafumba macho mikononi mwake. Hakuna mtu katika nyumba yetu aliyetegemewa kama yeye. Hata hivyo karatasi ilisema kinyume, naye aliisoma kila ilipofunguliwa.

Mwaka 2023 ulipofika tulitimiza miaka saba ya ndoa. Katiba ya Kenya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 yasema kwamba mtu aliyekuwa katika ndoa na mwananchi kwa muda usiopungua miaka saba ana haki ya kuandikishwa kuwa mwananchi, akiomba. Haki hiyo ni ya mume na mke sawasawa. Haikuwa hivyo zamani. Katiba ya kwanza ilimfungulia mlango mke mgeni wa mwanamume Mkenya, lakini mume mgeni wa mwanamke Mkenya hakufunguliwa. Wala hatukuwa peke yetu katika mambo haya. Huko Botswana, mwanasheria aitwaye Unity Dow, aliyeolewa na Mmarekani, aliishtaki serikali yake kwa sababu watoto wake waliozaliwa katika ndoa hiyo, na katika nchi ya mama yao, hawakuhesabiwa kuwa wananchi. Alishinda katika Mahakama ya Rufani mwaka 1992. Nilipoyasoma hayo nilifurahi, nikadhani kwamba shida yetu imekwisha.

Nilimwambia mume wangu, "Baba watoto, hati yako itakwisha mwishoni mwa Novemba. Ya nini kuihuisha tena? Omba uraia, tupumzike."

Hakunijibu usiku ule. Asubuhi yake, akiwa ameshika kikombe cha chai, alisema, "Sheria ya kwetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Nikiwa Mkenya, nimeacha kuwa Mtanzania. Nitakwenda kwa baba yangu nikigongewa muhuri wa wageni."

Alisema kweli. Kenya humruhusu mwananchi wake wa kuzaliwa kupata uraia wa pili, lakini Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 1995, haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mimi ningeweza kuongeza nchi. Yeye angeweza kubadili tu. Nililifahamu jambo hilo kwa akili, ila sikutaka kulitazama. Naye hakutaka kuniambia kwamba hawezi, nami sikutaka kumsikia akisema hataki. Tukanyamaza wote wawili. Uraia hakuuomba, na hati hakuihuisha. Wahenga walisema kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Fisi yule alisimama njia panda akinusa huku na huku. Sisi tulisimama njia panda tukitazama chini. Tarehe 30 Novemba 2023 ikapita kama siku nyingine. Nilipika, nikasahihisha madaftari, nikalala.

Tarehe 12 Februari 2024, jioni, simu ililia. Shemeji yangu alituarifu kwamba baba mkwe amefariki, na kwamba mazishi yatakuwa Alhamisi saa nane mchana, kihambani, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Mume wangu aliingia chumbani kutafuta pasi yake. Alikawia. Nilipomfuata nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, hati mkononi, midomo ikihesabu. Siku 74.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Methali hiyo nilikuwa nimewafundisha watoto wengi, wala sikujua kwamba itatimia chumbani kwangu, kwa kilio cha kweli.

Majirani walikuja kutupa pole, na pamoja na pole walileta mashauri. Mzee mmoja, mtu mwema aliyetupenda, alisema, "Mwanangu, mpaka ni mrefu. Iko njia ya panya. Vuka usiku, ukazike, urudi vivyo hivyo. Nani atakuuliza?" Mwingine akasema kwamba kila mlango una ufunguo wake, na ufunguo wa milango ya siku hizi ni chai. Sitaki kujifanya mtakatifu mbele yenu. Nilitamani tuifuate njia ya panya. Nilikwisha fungua mkoba kuhesabu nauli.

Mume wangu ndiye aliyekataa. Alisema, "Nikitoka kwa kujificha, nitarudi kwa kujificha, na nikisharudi nitaishi kwa kujificha. Siwezi kumzika baba yangu kama mwizi." Kisha akaniuliza, si kwa hasira, "Mwalimu, tufanye nini?" Tangu tuoane hakuwa amepata kuniita hivyo nyumbani.

Siku ya pili alfajiri tulikwenda katika ofisi ya uhamiaji. Nilikuwa nimekwisha isoma sheria ya mwaka 2011, nikajua kwamba mgeni akaaye nchini bila ruhusa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa muda usiozidi miaka mitatu, au yote mawili. Miguu yangu ilikuwa mizito. Afisa aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani. Alizitazama karatasi, akatutazama sisi, akauliza kwa nini tumechelewa.

Nilikuwa nimetunga maneno mazuri juu ya ugonjwa na kazi nyingi. Kabla sijayatoa, mume wangu alisema, "Mama, sikusahau. Niliogopa kuchagua." Akamweleza yote: miaka saba, uraia, sheria za nchi mbili, na baba aliyekuwa akingoja kuzikwa. Yule mama alivua miwani. Hakutuonea huruma ya kuvunja kanuni, wala hakututoza chai. Alisema, "Mngalikuja Oktoba, ingekuwa kazi ya karatasi tu. Sasa ni kosa, na kosa lina njia yake. Mwalimu, andika barua ya kueleza. Leta cheti cha ndoa, kitambulisho chako, na nakala za pasi yake. Mtalipa kinachotakiwa. Mnayo haki ya kusikilizwa, lakini hamna haki ya kuharakishwa mbele ya wenzenu." Palikuwa na watu wengi kwenye mabenchi, na kila mmoja alikuwa na haraka yake.

Jumanne tuliandika. Jumatano tulirudi na cheti kilichokosekana, tukalipa, tukaketi kungoja. Alhamisi, saa nane na nusu mchana, mume wangu alipewa ruhusa yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka nje, akasimama chini ya mti, akatazama upande wa kusini. Saa ile ile ndugu zake walikuwa wakitupa udongo.

Aliondoka jioni, akapita Nairobi usiku, akavuka Namanga asubuhi ya Ijumaa, pasi yake ikagongwa muhuri mbele ya macho ya watu wote. Alifika kihambani kaburi limekwisha funikwa, na maua yameanza kunyauka. Alitupa udongo wake juu ya udongo wa wengine. Mama mkwe alimshika mkono, akamwambia kwamba marehemu hakuuliza saa. Maneno hayo yalikuwa ya kumfariji, naye alifarijika. Lakini mpaka leo, wakitajwa watoto waliomzika mzee, yeye huinamisha kichwa. Adhabu hiyo haikuandikwa katika sheria yoyote, na hakuna afisa awezaye kuipunguza.

Aliporudi Eldoret tulizungumza mazungumzo tuliyoyakimbia mwaka mzima. Alisema kwamba hataomba uraia kwa sasa, si kwa kuichukia Kenya iliyompa mke na watoto, bali kwa sababu hawezi kulivua jina la nchi aliyozikwa baba yake mwaka huo huo wa msiba. Nilimjibu kwamba haki ya Katiba haiozi. Miaka saba haitapungua, itaongezeka tu. Basi tukachagua kuihuisha hati kila muda wake ukikaribia kwisha, na kuihesabu kazi hiyo kuwa bei ya kuwa watu wa nchi mbili katika nyumba moja. Na lile neno mtegemezi? Alicheka kidogo, akasema, "Nimefikiri juu yake njiani. Nani asiyetegemea? Hata nguzo hutegemea msingi."

Nawaandikieni haya, vijana, kwa kuwa wengi wenu mtasafiri. Mtasoma, mtafanya kazi, au mtaoa na kuolewa katika nchi nyingine, na karatasi fulani itawaambia kwamba mwaweza kukaa mpaka siku fulani. Karatasi hiyo haijui mapenzi yenu, wala haijui ni nani mliyemuuguza. Inajua tarehe tu. Msiidharau kwa sababu hiyo, wala msiiogope. Na ikitokea kwamba siku imewapita, nendeni wenyewe mkaseme, maana kosa linalopelekwa na mwenyewe huwa dogo kuliko kosa linalokamatwa. Zaidi ya hayo, semeni nyumbani kwanza. Hati ya mume wangu haikupotea mtoni wala haikuliwa na mchwa. Ilikwisha muda kwa sababu watu wawili wapendanao waliogopa kuulizana swali moja.

Sasa ndani ya mlango wa kabati letu la vyombo ipo tarehe iliyoandikwa kwa chaki. Nimeiandika mimi, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, miezi mitatu kabla ya siku yenyewe. Ikifutika kwa mvuke wa jikoni, yeyote aliyepo nyumbani huiandika tena. Juma lililopita niliikuta imeandikwa upya kwa herufi kubwa zilizopinda. Ulikuwa mkono wa mtoto wetu mdogo, ambaye baba yake humfundisha kupiga randa kila Jumamosi.